Baba Ameridhia Nisomee Saikolojia

Ndugu na marafiki, leo asubuhi baba yangu amenicheka, na jioni hii nina furaha isiyo kifani.

Tulikuwa tukikata kabichi shambani kwetu, Gare. Nilimwomba ruhusa, kwa maneno niliyoyapanga kwa uangalifu, nisomee saikolojia.

Akacheka. "Mwanangu, Msambaa gani atakuja kukueleza ya moyoni mwake?"

Kwa heshima, niliendelea kukata kabichi.

Ndipo yeye mwenyewe akaanza kunisimulia jambo lililomlemea kwa miaka mingi. Sikumkatiza.

Alipomaliza, alisema, "Haya, kasome. Na hilo libaki hapa hapa kwenye kabichi."

Kwa hiyo, pongezi zenu nitazipokea kwa shukrani. Swali kuhusu alichosimulia baba halitajibiwa, hata likiulizwa na mama.