Siku Mlima wa Muyama Ulipogeuka Mweupe

Nilitoka Kasulu Jumamosi moja ya mwaka 2013 kwa sababu nilikuwa nimeishiwa visingizio. Imelda, mwalimu mwenzangu, alikuwa amenialika kwao Muyama mara nne, na mara zote nne nilitunga udhuru. Ukweli ni kwamba niliiogopa ile milima. Sisi tuliozaliwa Pangani tumezoea ardhi iliyolala. Huku ardhi imesimama. Mara ya tano aliponiambia mama yake anaumwa miguu na anataka kuniona, nilifunga sukari na majani ya chai, tukaondoka.

Saa mbili asubuhi tulipanda pikipiki mbili. Njia ya udongo mwekundu ilipinda na kupanda kati ya migomba na mibuni, na kila mteremko nilifumba macho.

"Mwalimu, usinibane hivyo," dereva alilalamika. "Napumua kwa shida."

Saa nne tulifika. Mama yake Imelda alikuwa kibarazani, amenyoosha miguu mkekani.

"Mwakeye, mama," nilimwamkia, na hicho ndicho Kiha chote nilichokuwa nacho.

"Mwakeye, mwanangu. Kumbe upo kweli!" Alinishika mikono yote miwili, asiiachie upesi.

Nyuma ya nyumba maharage yake yalikuwa yametoa maua. Chini ya shamba kulikuwa na malisho ya ng'ombe, mteremko mrefu wa nyasi fupi unaoishia korongoni.

Saa nane mchana mbingu ilikuwa na rangi ya masizi. Jiwe moja liligonga bati, likafuata la pili, kisha hatukusikilizana tena. Mvua ya mawe nilikuwa nimeisikia tu kwa watu. Nilidhani bati litatoboka. Mama alisali, nikaona midomo tu ikicheza. Nami nilisoma kila sura niliyoijua, nikafika mwisho, nikaanza upya.

Ilipokoma, tulifungua mlango na baridi ikatupiga usoni. Mlima wote ulikuwa mweupe. Maharage hayakuwapo, vilibaki vijiti. Mama alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Basi," akarudi ndani.

Huko malishoni tukasikia vicheko. Majirani, watu wazima kabisa, walikuwa wamebandua magamba ya migomba iliyoanguka, wanayakalia na kuteleza juu ya barafu.

"Twende," Imelda alisema. "Tangu niko darasa la tatu sijaona barafu kiasi hiki."

"Na mama?"

"Nikikaa humu nitalia, na yeye atazidi kuumia. Twende, dada."

Aliteleza kwanza peke yake, akachimbia visigino na kusimama mbali na korongo. Akapanda tena akihema, macho yakimng'aa.

"Sasa sote wawili. Wewe mbele, mimi nyuma. Nikisema ruka, ruka ubavuni."

Nilikaa. Nikashika kingo za gamba. Akasukuma.

Uzito wetu sikuwa nimeufikiria. Tulishuka kama tumetupwa, barafu ikinirukia machoni, na gamba likaanza kwenda upande, kule ambako hakuna aliyeteleza. Nilisikia maji kabla ya kuyaona. Korongo lilikuwa limejaa, linanguruma.

"Ruka!" Imelda alipiga kelele. "Zuhura, ruka!"

Nilimsikia vizuri. Vidole havikufunguka. Badala yake nilizidi kukaza, kana kwamba lile gamba ndilo litakaloniokoa.

Alinikumbatia kiunoni kwa nyuma, akajitupa ubavuni pamoja nami. Tulibiringika. Yeye alikuwa chini nilipomwangukia, nikasikia kitu kikivunjika. Hatua chache mbele yetu gamba lilidumbukia korongoni, maji yakalimeza palepale.

Majirani walimbeba kwa machela ya miti. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu ile inayouma, ameshika fremu. "Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Ni bega tu."

Nikaanza kuomba msamaha, kwa yote, hata kwa maharage. Mama hakunitazama, alikuwa anampapasa mwanawe kichwa. "Maharage nitapanda mengine," alisema. "Wewe, Imelda, ningekupanda wapi?"

Jumapili asubuhi tulirudi Kasulu kwa lori dogo la mnunuzi wa ndizi. Kila shimo Imelda aliuma pindo la khanga. Hospitalini walimfunga mkono kifuani, wakasema mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, utaunga.

"Hukunisikia niliposema ruka?" aliniuliza tukiwa tumekaa kwenye benchi nje.

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Niliogopa kuachia."

Alicheka, akajishika bega kwa maumivu, akacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilichorudi nacho kutoka Muyama ni kwamba hofu yangu yote iliniamuru nishike, na nilichokishika ndicho kilichokuwa kinanipeleka korongoni. Siku hizi, kabla sijapanda chombo chochote, huuliza kwanza namna ya kushuka.