Senta Aliyeomba Samahani

Mpaka leo nikiona basi la shule limejaa waombolezaji, damu inanichemka. Sina ugomvi na marehemu wala wafiwa. Ugomvi wangu ni na Jumamosi moja pale Kibamba, ambayo niliihangaikia kwa miezi, na timu ya shule moja ya Kunduchi iliyoshindwa kuja kucheza na vijana wangu kwa sababu basi lao liliazimwa kwenda kuzika.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya hukohuko Kibamba. Mpira wa kikapu naufundisha kwa kuwa hakuna mwingine anayeutaka. Mwaka ule nilikuwa na kijana wa kidato cha sita, Msukuma, mrefu kiasi kwamba kitanda chake bwenini ilibidi kiunganishwe na benchi ili miguu ipate pa kulala. Senta wa kuzaliwa, yule wa kusimama chini ya goli. Tukicheza na shule nyingine, mpira ukirushwa mbele yake ulirudi ulikotoka. Mwepesi wa miguu, mlaini wa mikono, na kichwani zimo. Baba yake alishamtafutia cha kufanya: akimaliza mtihani arudi Shinyanga kupakia magunia kwenye mashine ya mpunga ya baba yake mkubwa. Simlaumu mzee wa watu, ada ya chuo angeitoa wapi. Lakini mimi nilikuwa silali.

Ndipo akaja rafiki yangu. Tulikua wote Temeke, tukacheza kiwanja kimoja tangu tuko wadogo. Yeye kikapu kilimpeleka Marekani kusoma, mimi kikanirudisha darasani kushika chaki. Siku hizi ni kocha msaidizi wa chuo kimoja huko, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta vijana warefu wa kupewa nafasi ya kusoma bure. Alikuja nyumbani kumwoza mdogo wake, harusi ilikuwa Kigamboni, na nikambana hadi akanipa asubuhi moja. Kesho yake anaondoka.

"Lakini nataka mechi," aliniambia kwenye simu. "Mtu anayerusha mpira peke yake hanisaidii. Nimwone anavyopambana na watu."

Mechi yenyewe ndiyo hiyo, na wapinzani wako msibani.

Mkuu wetu wa shule alipopata habari hakuhuzunika hata kidogo. "Sasa tatizo nini, Madam? Si sisi tupo?" Aliposema sisi alikuwa na maana ya yeye mwenyewe, walimu watatu na mhasibu. Nikajaribu kumweleza kwamba mgeni anataka ushindani. Akaenda kubadili nguo. Alirudi na suruali ya michezo iliyopigwa pasi ikashika mstari, akaanza kunyoosha viungo pale mbele ya ofisi ili wanafunzi wamwone. Ningefanya nini? Mgeni alikuwa ameshavuka daraja, yuko njiani.

Ubaya ulianza kabla ya filimbi. Kijana wangu alikwenda kwa wapinzani wake mmoja mmoja, akainama, akawaamkia. Shikamoo mkuu, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, hadi kwa mhasibu. Nikajisemea moyoni, tumekwisha.

Mkuu wa shule ndiye aliyejipanga kumkaba, na utosi wake unaishia kifuani kwa kijana. Kijana alipewa mpira chini ya goli, alichotakiwa ni kunyoosha mikono tu. Akarudisha pasi nje. Akapewa tena, akarudisha tena. Mwalimu wa kemia aliporusha, kijana aliruka kwa mazoea, na huko huko juu akakumbuka ni nani yule, akaurudisha mkono wake. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha bahati mbaya akagongana na mwalimu wa jiografia, miwani ikadondoka. Kijana aliuacha mpira, akaokota miwani, akaifuta kwa fulana, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Samahani sana, mwalimu." Mhasibu akauchukua ule mpira akafunga. Mkuu wa shule akapiga makofi.

Rafiki yangu alikuwa anarekodi kwa simu. Akaishusha.

"Urefu upo," alisema. "Moyo siuoni."

"Hao ni walimu wake."

"Na kule nako? Akikutana na mtu mzima mwenye ndevu atamwamkia kwanza?"

Nilitamani kumzaba mtu kofi, ila sikujua nianze na nani.

Wakati wa mapumziko nilimvuta kijana pembeni. Aliinamisha kichwa kwa heshima, na kwa urefu ule kuinama kwenyewe ndiko kulikotufanya tutazamane uso kwa uso.

"Unamwona yule mgeni? Anaondoka kesho. Akiondoka na hiki ulichomwonyesha, wewe unaenda kupakia magunia."

"Najua, Madam."

"Sasa mdankie mkuu wa shule, uupigilie mpira golini juu ya kichwa chake."

"Mie siwezi, Madam. Yule ni mzazi."

Nikamwambia aondoke mbele yangu. Akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga ukingoni mwa kiwanja. Hakuomba. Alichota kipande kwenye sinia la watu na kukitia mdomoni.

"We Msukuma, hii mihogo ya shamba la baba yako?" mama akamkaripia.

"Kwani Mzaramo ana shamba? Si mlishauza yote mkachezea ngoma."

Mama akamtandika mwiko wa mgongo, wote wawili wakacheka. Kijana yuleyule aliyefuta miwani ya mwalimu. Nakumbuka alipokuwa mgeni shuleni niliwahi kutaka kumwadhibu kwa utovu huohuo wa adabu, na ni mama mwenyewe aliyenizuia. "Muache, Madam, mtani wangu huyo." Kati ya Wasukuma na Wazaramo hakuna shikamoo inayozuia kitu. Hata msibani mtani hukalia kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe chochote.

Nikageuka nikamtazama rafiki yangu, amesimama na kofia yake ya chuo. Mzaramo wa baba na mama. Bibi yake alikuwa akitufukuza uwanjani kwake kwa ufagio.

"Vua saa," nikamwambia. "Ingia umkabe wewe."

"Magoti yangu haya?"

"Umesema unataka kuona anavyopambana na watu. Wewe si mtu? Ingia."

Mkuu wa shule, ambaye alikuwa anahema mpaka mabega yanapanda, alitangaza kwamba kwa heshima anampisha mgeni. Mgeni akaingia. Na kijana, Mungu anisamehe nilivyomsema kimoyomoyo, akamfuata na kuinama. "Shikamoo, kocha." Mpira ulipoanza akampisha kabisa. Rafiki yangu akafunga, akanitazama kama kuniuliza, umeona?

Nikapuliza filimbi mpaka kifua kikaniuma.

"Nilisahau kumtambulisha mgeni wetu vizuri," nikasema kwa sauti ya paredi. "Huyu ni Mzaramo. Kwao Temeke."

Mama wa mihogo akapiga kigelegele. Kijana akanyooka, na ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule alikuwa amejikunja. Akamtazama mgeni kuanzia kofia hadi viatu.

"Kumbe," akasema. "Nilikuwa nashangaa, mtu katoka Marekani na soli imeisha upande."

Rafiki yangu aliinama akavitazama viatu vyake. Nadhani kwa miaka yote aliyokaa huko hakuna aliyemtukana namna ile. Kisha kikamtoka kicheko nilichokijua tangu utotoni. "Msukuma, wewe kiatu umekianza lini?"

Basi, wakaanza. Kijana alipokea mpira, akampa mgongo, akamsukuma hatua kwa hatua, "Pisha njia, Mzaramo," akageuka na kudanki mpaka kutu ya lile goli ikamwagikia kofia ya chuo. Rafiki yangu aliporusha, mpira ulipigwa ukaenda kutua miguuni kwa mama wa mihogo. Alipoteleza akakaa chini, kijana hakumpa mkono. "Lala hapohapo, kaburi nitalikalia mie." Mhasibu alipoguswa kidogo bado aliombwa samahani. Ila kila mara Mzaramo aliposhika mpira, ulikuwa msiba.

Baadaye rafiki yangu alikuja kukaa kwenye benchi, goti limechubuka, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Namtaka," akasema. Halafu akajifuta uso. "Ila kuna ishu. Kule ninakompeleka atakuwa peke yake, na heshima zake hizo. Mzaramo nitamtoa wapi?"

Asubuhi nzima nilikuwa nimevumilia, hapo nikachoka. "Kwani wewe ni nani?"

Alipangusa vumbi kwenye lile goti. Kisha akainua kichwa.

"We Msukuma," akaita. "Njoo hapa tuongee."

Kijana alikuja taratibu, mdomo umejaa mihogo, na hakumwamkia.