Mikono Iliyotulia

Jumamosi tumemzika, kijijini kwao Masukulu, mwalimu wa hesabu niliyemfahamu tangu alipohamia kwetu Ibighi, nami nimerudi kutoka matangani na hasira ambayo sitaki ipoe. Wasomaji wangu mliozoea upole hapa, leo mnivumilie.

Mwaka juzi alipelekwa India akawekewa figo ya dada yake. Enzi zile za kupanga foleni ya sukari nani angeota safari kama hiyo? Alirudi na vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake, ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Daktari alimwonya kwamba dawa hizo husumbua mishipa ya fahamu, na kweli mikono ikaanza kutetemeka. Nilimtania kwamba sasa ubaoni anaandika kama daktari, akacheka. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na wazee ndio wanaopitisha kikombe cha Meza ya Bwana. Jumapili moja divai ikamwagika. Kwetu mkono unaotetemeka asubuhi una maana moja tu: kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Alipoeleza habari za dawa, mzee mwenzake alimkata: "Mwalimu, dawa gani inamtetemesha mtu? Kaa pembeni kwanza, utubu."

Alikaa benchi la nyuma miezi kadhaa, kisha mikono ikatulia. Wakamrudishia kikombe, wakamshukuru na kumpongeza: "Ndaga fijo, mwalimu, Bwana amekushindia." Baadaye ndipo aliponinong'oneza kwamba alikuwa akipunguza vidonge kimyakimya. Nilimgombeza. Akanijibu, "Nimechoka kuitwa mlevi mbele ya watoto ninaowafundisha." Nilimwambia dada yake siku ileile, tukamkimbiza hospitali, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuikataa figo.

Mazikoni mzee yuleyule alisimama akasema marehemu amekufa akiwa ametubu. Dada mtu akainuka, akamwita baba kwa kilugha chetu: "Tata, alitubu nini? Kitaje hapa, watu wasikie." Mzee akafungua Biblia, akaifunga. Nilifurahi, nakiri. Wapo walioniambia nisamehe yaishe. Sisamehe, na najua mzee huyo husoma gazeti hili.

Soko huria limetuletea dawa za ng'ambo, ila bado tunampima mgonjwa kwa macho ya kilabuni. Ukiona mkono unatetemeka, uliza, kisha amini unachojibiwa. Na kama umekwisha kuhukumu na mtu amekufa kwa hukumu yako, mazikoni kwake kaa chini, unyamaze.