Tungule za Bi Shinuna

Ukivunja jani la tungule, ambazo bara huziita nyanya, harufu yake hukukalia vidoleni hata ukinawa mara tatu. Mjukuu wangu kapanda miche kidogo hapa nyumbani Bawshar, Maskati, na kila akiniita niitazame, Bi Shinuna hunijia. Haya sijapata kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi, tumehamia Maskati kutoka Unguja mwaka mmoja nyuma. Bi Shinuna, jirani yetu, naye wa Unguja, alikuja baada yetu. Siku moja alikosa mayai ya kuku wake. Akaingia kwetu mbele ya wageni wa baba, akaninyooshea kidole: "Mwizi wenu huyu hapa!" Baba alinichapa bakora sita. Wiki ya pili mayai yakaonekana nyuma ya pipa. Kuku alihama kiota tu. Bi Shinuna alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi mwanangu, yashapita. Hata mgongo ushapoa!"

Mgongo ulipoa kweli. Moyo haukupoa.

Mwanzoni mwa Machi akaniita. Alifungua pindo la kanga, ndani mna mbegu za tungule zilizokaushwa na marehemu mamake.

"Nnazo hizi tu. Wewe unasoma na watoto wa hapa. Niulizie kwa yule mzee wa shamba, watu hupanda lini?"

Nikaenda kuuliza. Mzee alinijibu kwa Kiarabu, polepole ili nifahamu: angoje nyota ya Suheli ichomoze mwishoni mwa Agosti, joto livunjike, tungule za huku hulelewa na baridi. Nikamshukuru kwa adabu zote. Njia nzima niliutafuna uongo wangu kama ubuyu.

"Kasema upande sasa hivi, Bi. Zote, usibakishe."

Hakushangaa hata kidogo. Kwetu Unguja masika ndiyo hayo yanaingia, na nani asiyepanda masika? Mbegu nyingi hazikuota. Iliyosimama ni miche sita, na mimi nikaona Mungu kaniandalia hesabu yangu.

Mei joto likashuka kama mfuniko. Maua yakapukutika kabla ya kushika tunda. Bi Shinuna akabeba ndoo asubuhi na alasiri, kanga imemganda mgongoni, akiisemesha miche kama wagonjwa. Mimi juu ya ukuta nikitazama. Mche wa kwanza ulipokauka nilisema kimoyomoyo: bakora ya kwanza hiyo. Sitawaficha, nilishiba raha. Wa pili, wa tatu, mpaka wa tano.

Mche wa sita ulizaa tungule moja, kama gololi. Kabla haujafa, Bi Shinuna aliichuma, akamletea mama.

"Mpe mwanangu huyu. Yeye ndo alohangaika kuniulizia. Bahati yangu tu mbaya."

Mama aliikata, akaitia chumvi. Niliila yote pale pale, Bi Shinuna akinitazama na kutabasamu, nami nikaona nimeshinda mara mbili.

Nilikuwa mtu mzima, Bi Shinuna keshazikwa, nilipofahamu nilichokula. Mbegu za mamake zilizobaki duniani zilikuwa ndani ya tungule ile. Yeye alilijua hilo siku ile ile. Angeweza kuzikausha akajaribu tena. Akaona bora anipe mimi, shukrani.