Baba Hakuwa Mlevi

Jana kikombe cha chai kilimponyoka baba mdogo, nduguye baba, na harufu ya mafuta ya garaji ikanirudia puani.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, kule mtaani Buyenzi, nyundo zilikuwa zinagonga na risasi zilisikika mbali milimani. Baba aliangusha spana tena. Mabega yake yalirukaruka, nami nikadhani anacheza ili anichekeshe. Baba mdogo, mwenye garaji, akapaza sauti mbele ya mafundi: "Muangalieni kaka yangu, anacheza bila ngoma! Mulevi we, rudi kwako!" Wote wakacheka. Baba hakuwahi kuonja pombe. Mimi, mtu wa aibu hadi leo, niliomba moyoni: Mungu, siku moja baba mdogo naye acheze hivi.

Baadaye daktari alitueleza kwamba ugonjwa ule wa kurukaruka, uliomuua baba, hupita katika damu ya ukoo, na watafiti bado wanautafutia dawa.

Jana, akipangusa chai kwenye shati, baba mdogo alininong'oneza: "Mutoto wangu, sema kweli. Ni ile ya baba yako?"

Nilifurahi, siwezi kudanganya hapa. Nikaficha chini ya meza mikono yangu, ambayo nayo imeanza kuangusha vitu.

"Apana, baba mudogo. Umelewa tu."