Bibi Aliyesema Amekula

Siku hizi nikimaliza zamu navua viatu nikiwa bado getini. Miguu imevimba na sioni haya tena. Nimekuwa muuguzi hapa Mtwara miaka mingi, na majirani zangu wa Ufukoni wanasema nimekuwa mkali. Nimekuwa, sikatai. Lakini ukali wangu haukuletwa na uchovu peke yake. Uliletwa na bibi mmoja wa wodi ya wanawake, na sindano niliyomchoma kwa mkono wangu huu.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kilichogoma kupona. Kwao ni kule mto Ruvuma unakoingia baharini, unaipita Madimba kwanza ndiyo ufike. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani, na alikisema polepole, kama mtu aliyeazimwa chombo cha watu akaogopa kukivunja. Hata wodini alikaa hivyo hivyo. Ukimtandikia kitanda anakushukuru mara tatu. Ukichelewa kumsafisha kidonda anakwambia, "Si neno, mwanangu, una kazi nyingi." Wagonjwa wa namna hiyo tunawapenda, na hapo ndipo penye hatari. Msumbufu utamwangalia kila saa ili akunyamazie. Mpole unampita tu.

Kwetu chakula cha mgonjwa huletwa na ndugu zake. Bibi alikuwa na binti mmoja, aliyefikia kwa shangazi yake huko Mtawanya ili awe karibu na mama. Asubuhi analeta uji, jioni ugali na samaki. Akiingia na hotpoti yake, bibi anaangaza vitanda vya jirani kuhakikisha wote wameona.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa zamu yangu ya sita mfululizo. Mwenzangu alikuwa amempeleka mgonjwa chumba cha upasuaji, nikabaki peke yangu na wodi nzima. Nikamtoboa bibi kidole, sukari iko juu, na insulini imeandikwa kwenye faili lake. Nilikuwa nimeshaivuta kwenye bomba la sindano. Nikamuuliza huku macho yangu yako kitanda cha pili, ambako dripu ilikuwa imeisha.

"Bibi, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba, alhamdulillahi."

Nikachoma. Nikaandika kwenye faili: amekula.

Sasa, lile ni swali la kijinga, na nilijua ni la kijinga tangu nikiwa chuoni. Tulifundishwa kwamba insulini kwenye tumbo tupu huishusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo kabla ya kuichoma usiulize ukaridhika na jibu, angalia vyombo. Fungua hotpoti. Shika kikombe, kimelowa au kikavu? Amekula vijiko vingapi? Ni kazi ya nusu dakika, na siku hizi anayeiruka mbele yangu ananijua. Na pwani hii ndiyo zaidi, maana kumuuliza mtu kama amekula ni kama kumsalimia. Mwenye adabu hawezi kukujibu ana njaa. Mimi mwenyewe nilishafinywa paja na mama kwa kutamka neno njaa kwenye nyumba ya watu. Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nimechoka tu, nikataka jibu la kunipitisha.

Ukweli ni kwamba kabatini kwa bibi hapakuwa na chombo hata kimoja. Jana yake mchana binti alipigiwa simu kwamba mwanawe, aliyemwacha kijijini, ana homa kali. Akaondoka, akaahidi atarudi jioni na chakula. Hakurudi. Bibi akalala na njaa, akaamka nayo. Mama wa kitanda cha jirani alipomkaribisha chai, alikataa, akasema ameshakula wenzake walipokuwa wamelala.

Saa nne nilipita tena na dawa. Yule mama wa jirani akaniambia, "Sista, bibi leo kalala sana." Nilikaribia kumjibu amwache apumzike. Sijui ni nini kilichonifanya nimguse bega. Khanga yake ilikuwa imelowa chapachapa, na ngozi yake ya baridi. Nikamwita, akafumbua macho, hakuniona. Nikampima, sukari ilikuwa moja na nukta, yaani imeshuka mpaka pale mtu anapoanza kutuaga.

Nilipogeuka kutoka kwenye kabati la dawa, mama wa jirani alikuwa amemwinua bibi kichwa, kikombe cha chai yenye sukari kiko mdomoni mwake. Nia yake ilikuwa njema. Nilimpiga mkono mpaka chai ikamwagika.

"Hamezi huyu! Itaingia mapafuni!"

Tukamlaza kwa ubavu. Nikatafuta mshipa. Wa kwanza ulikimbia, wa pili ukapasuka. Nilikuwa nagombana na Mungu kimoyomoyo, namwambia usinifanyie hivi, si kwa huyu. Wa tatu, mgongoni mwa kiganja, ukakubali. Glukosi, yaani maji ya sukari, unaisukuma polepole, ukiharakisha unauharibu mshipa. Kwenda polepole huku mtu anakwisha mbele yako ni adhabu, nakwambia.

Akakunja uso. Akamung'unya kitu kwa Kimakonde. Kisha macho yake yakanikuta.

"Mwanangu, mbona unalia?"

Daktari akaja, dripu ikawekwa. Bibi alipoweza kumeza vizuri nilimketisha, nikamlisha uji wangu niliotoka nao nyumbani, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli.

"Ningesema sijala, wangesema binti yangu amenitupa."

Binti alifika adhuhuri, vumbi mpaka kwenye nyusi, hotpoti mkononi. Homa ya mtoto ilikuwa imeshuka. Kabla sijafungua mdomo bibi akamwambia, "Nesi wangu kanilisha kwa mkono wake. Mshukuru." Binti akapiga goti pale pale, akanishika mikono yote miwili.

Ningeweza kunyamaza. Bibi alishanisitiri, na hakuna ambaye angeniuliza kitu. Nikamwinua yule dada, nikamwambia mbele ya wodi nzima: nilimchoma mama yako insulini ana njaa, sikuangalia vyombo, nikaandika amekula, na nusura nimuue. Kisha nikasubiri anitukane. Nilitaka sana anitukane. Nadhani usiku ule ningelala.

Akaketi sakafuni, hotpoti mapajani, akaanza kulia.

"Ni mimi, sista. Ni mimi niliyechelewa."

Bibi kule juu ya kitanda akawa anatikisa kichwa, anasema hapana, muongo ni yeye, binti yake asiguswe. Nikabaki nimesimama katikati yao, watu wawili wanaligombania kosa langu, na hakuna aliyekuwa tayari kunirudishia.