Saa Isiyo na Uso

Mjukuu wangu Zuwena akiingia ndani na ile saa yake ya mkononi, mimi nasikia harufu ya mafuta ya cherehani. Saa haina uso, wenzangu. Imepasuliwa kama kuku, magurudumu yote yako nje yanahangaika. "Bibi, hii ndiyo fasheni," ananiambia, kidevu juu. Fasheni! Hiyo yake ni ya kuigiza. Yenyewe niliiona hapa hapa Ujiji, mama yake hajazaliwa.

Baba yangu alikuwa fundi saa, na mafuta hayo ndiyo aliyolainishia saa za watu. Kibandani kwake yeye alishika kibano, mimi nilishika mdomo. "Mwasiti, jino gani limevunjika? Mwasiti, skrubu imeangukia wapi?" Namwambia, anatengeneza. Nilijiona fundi mkubwa. Watoto wa shule ya Rusimbi wakipita na madaftari yao, nawatolea ulimi. Mama, Muha wa watu, akimlilia baba kila siku, "Mwana wanje, mwanangu huyu, ataandikishwa lini shule?" Baba anajibu mwakani. Mwakani ikifika, anajibu mwakani.

Akaja tajiri mmoja Mkongo, kashukia Kibirizi na boti, kajimwagia marashi mpaka nzi wamehama. Akaitua saa mezani kama anatua yai. "Baba fundi, hii iko bei mingi. Angalia muzuri."

Ilikuwa imesimama. Akatusimulia kwamba huko Ulaya ilikotoka ni kazi ya ukoo. Babu alikata chuma kisichobeba kitu, mtoto wake akakata tena, mjukuu naye akakata, mpaka ikabaki mifupa mitupu, na bado inatembea. Baba akapapasa nakshi iliyochorwa pembeni mwa saa kwa kidole, polepole.

"Na mimi nilifundishwa na baba yangu," akasema. "Na huyu nimemfundisha." Akaniwekea mkono kichwani.

Nikachungulia. Uzi wa nguo umejisokota kwenye kigurudumu kidogo. Nikamwonyesha. Baba akashusha kibano, kikapita pembeni, kikaipinda springi nyembamba kama unywele. Nikamwambia siyo hapo baba, kushoto. Akashusha tena, akakosa tena.

Yule Mkongo akapunga mkono mbele ya macho ya baba. Mimi nikadhani anafukuza nzi. Baba hakupepesa.

"Huyu mutoto iko kalasi ya ngapi?" akauliza, sauti imeshuka.

Baba akapapasa meza akitafuta pa kuweka kibano. Mkongo akachukua saa yake iliyoharibika, akaondoka bila kugomba.

Habari zilifika sokoni kabla hatujafika nyumbani. Watu wakaja kuchukua saa zao mmoja mmoja, kwa adabu, shikamoo fundi, mpaka meza ikabaki tupu. Mama akanishika mkono, shule. Mwalimu akanitazama kifua, akasema kwa sauti yake ya puani, "Mama, huyu tumwandikishe darasa la kwanza au tumtafutie mume?"

Mume nilipata. Baba nilimnunia mpaka anakufa, nikiamini alininyima shule kwa sababu mimi msichana.

Sasa ukungu umeingia machoni mwangu pia. Juzi Zuwena yuko mlangoni na begi, anarudi chuoni, nikamwita aje anitafutie sindano. Akainama, akapekua mkeka wote. Sindano nilikuwa nimeibana kiganjani. Niliogopa tu mlango ukifungwa nitabaki na nani wa kuniambia kilichopo mbele yangu.

Nikamwambia, "Nimeiona, mama. Nenda, boti itakuacha."